Sauti ya Mama Ndani ya Saa

Mwenzangu, uko wapi? Kaka ameifuta sauti ya mama.

Ile saa ya mezani aliyoiunda marehemu baba. Ile inayosema, "Amka, mvivu wangu, chai inapoa." Miaka miwili tangu tumzike mama, na kila asubuhi alikuwa bado ananiamsha.

Kaka alitaka kuihamishia sauti kwenye kompyuta, ila baba aliifunga chipu inayotunza sauti hiyo isisomwe, kwa kufuli la namba lililo kwenye sehemu yake iitwayo rejista. Nikamwambia, "Kaka, usiiguse rejista ya kufuli. Ukilifungua, chipu inajifuta yote kwanza. Weka simu karibu na spika, turekodi, yaishe."

Akacheka. "Diploma ya juzi inanifundisha kazi? Simu itaikwaruza sauti."

Akaandika namba moja kwenye ile rejista. Moja tu, mwenzangu.

Kioo cha kompyuta kikajaa FF, FF, FF, yaani kumbukumbu tupu. Nikabonyeza kitufe cha saa. Kimya. Nikabonyeza tena.

Nikamwambia mbele ya shangazi, "Umemzika mama mara ya pili."

Sasa shangazi yuko mlangoni kwangu. Anasema kaka analia, nitoke nikamwombe radhi.

Hata mimi nalia. Radhi simwombi.