Sekunde Saba za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Wagonjwa kumi na mmoja kabla ya chai. Mashine mpya haichoki, mimi ndiye nachoka. Inapiga eksirei mfululizo kama video, mgonjwa akiwa amebana pumzi sekunde saba, na kompyuta inaonyesha damu inavyoingia kwenye mapafu. Akipumua katikati, picha ni bure.

Wa kumi na mbili akaingia. Mama mkwe wangu, kutoka Bondo. Mguu umevimba, pumzi fupi. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe, sembuse kumwona kifua. Akinyi, mwenzangu wa eksirei, alikuwa matangani Otonglo. Ningeita nesi. Sikuita, niliona haya hata kueleza. Nikampanga mbele ya mashine kwa maneno tu, macho yangu ukutani. Sekunde ya nne akapumua. Niliona kwenye skrini. Kurudia kungemaanisha kumwambia avue tena. Nikaandika: picha safi.

Jumanne, 4 Machi
Daktari ameamini neno langu. Mama amerudi Bondo na dawa ya kikohozi. Adhiambo, mke wangu, kanipikia samaki kwa shukrani. Nikala. Nikaongeza ugali hata. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 6 Machi
Mama ameanguka akienda chooni. Midomo imebadilika rangi. Ambulensi imemfikisha hapa hospitalini saa nne asubuhi.

Nilimwambia daktari kila kitu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akinyi ndiye aliyempiga picha, akamshika mabega, akarudia mara mbili. Mimi nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Pafu la kulia, chini: damu haifiki. Bonge la damu limeziba mshipa. Siku tatu lilikuwa humo, na mimi nimeandika safi. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nusura niue.

Jumapili, 9 Machi
Bado yuko kwa oksijeni, lakini ameketi. Dawa ya kufanya damu iwe nyepesi inamsaidia. Jana nilimwambia Adhiambo ukweli. Hajanitazama usoni tangu hapo. Ana haki.

Leo alitoka wodini, akasimama kando yangu.

"Mama anasema alijua amepumua. Alinyamaza tu, ju hakutaka uaibike."

Akarudi ndani. Nilibaki nje na chupa ya uji mkononi, hadi saa ya kuona wagonjwa ikaisha.