Baba Yetu kwa Kufumua

Jumanne, 4 Machi
Darasa la ubatizo limenirudia mimi. Nani mwingine! Wamekuja wanne, wamekaa katikati ya cherehani zangu. Nimeanza tu, Baba yetu — Sindano akainuka akaenda kukunja vitambaa. Sindano ni binti ninayemfundisha kushona. Mwembamba, na ulimi wake unachoma. Mwaka jana pia aliacha darasa hapo hapo, neno la kwanza. Nimemfuata. Kasema baba wa nyumbani alimtosha, hahitaji mwingine mbinguni. Huyo baba alimpiga yeye na mama yake, mpaka siku alipoondoka.
Lakini ubatizo anautaka. Anautaka sana. Basi tatizo ni langu, na matatizo ya watu huwa nayaweza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Nilikuwa nafumua koti la mteja. Hujui koti limeshonwaje mpaka ulifumue, na kufumua unaanza na mshono wa mwisho. Ndivyo nilivyomfundisha Sindano kazi. Kwa nini sala iwe tofauti? Leo tumeanzia mwishoni: utuokoe na yule mwovu. Nikauliza nani anamjua mwovu. Sindano akawa wa kwanza kujibu, akaongea mpaka chai ikapoa.
Nina akili, jamani.

Jumanne, 18 Machi
Kwenye kusamehe tulikwama. Sindano kauliza kama kusamehe ni kumfungulia mtu mlango. Nikamwambia hapana, mlango ni wako, ufunguo kaa nao. Kafikiri, kausema mstari. Kwa shida, lakini kausema. Riziki ikawa rahisi, wote tulikuwa na njaa.
Mchungaji kapita, kasikia. Ati Sala ya Bwana haiendi kinyumenyume. Nikamjibu Bwana anasikia kutoka upande wowote. Kaondoka akicheka. Tarehe 30, kabla ya ubatizo, atawahoji mwenyewe, mmoja mmoja.

Alhamisi, 27 Machi
Jina lako litukuzwe — tayari. Umebaki mstari wa juu kabisa, sijaugusa. Sindano: na huo? Nikamwambia huo sikufundishi. Yote hayo uliyosema tangu mwovu, ulikuwa unamwambia nani? Ukimjua, utamwita mwenyewe. Akarudi kwenye pindo lake.
Naogopa kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 30 Machi
Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Mchungaji. Wale watatu wamepita. Sindano yuko ndani, mlango haukufungwa vizuri, na mimi sina aibu. Mchungaji kasema haya binti, Baba yetu, anza.
Kiti kinasogea.
Halafu sauti yake: utuokoe na yule mwovu. Mchungaji hajamkatiza. Anapanda, mstari kwa mstari. Majaribu. Kusamehe — hapo hakusita hata kidogo. Riziki. Mapenzi yako. Ufalme wako. Jina lako litukuzwe.
Ameishia hapo. Nimeinuka kwenye benchi, mimi! Siingii.
Mchungaji kamwambia kwa upole kwamba hiyo inatosha, anaweza kwenda.
Sindano kasema hapana, asubiri, hajamaliza.