Msingi wa Chumba cha Mama

Kaka Sabiri, shikamoo.

Nakusihi, haya yabaki kwako; hata shemeji asiyasikie.

Kiwanja cha Bukene kimeshang'olewa visiki, na mawe yamefika. Mama amekwisha kuchagua chumba chake. Jana, tukichimba msingi wa chumba hicho, fundi Anton akatua sururu. Palikuwa na mifupa ya mtu aliyelazwa ubavu, ameelekea Kibla. Labda ni wa misafara ya zamani.

"Huyu ni Mwislamu wenu, karani," akaniambia. "Mimi simmwagii zege."

Nikarudishia udongo kwa mikono. Sikuhisi kitu.

Mama nimemwambia tunasubiri saruji. Akijua, hatahamia, na pa kumpeleka pengine hatuna. Wewe ndiye mkubwa. Sema tujenge au tuache.

Usipige simu, huipokea Mama. Mpe barua konda wa basi la Tabora; nitakuwa stendi kila jioni.

Mdogo wako,
Lukumani