Baba, Naenda Nairobi Kucheza Sataranji

Baba mpendwa, shikamoo.

Keshokutwa nasafiri kwenda Nairobi kwenye mashindano ya sataranji. Ni mara yangu ya tatu kucheza nje ya nchi, na mara ya kwanza kuwekwa kundi la juu. Habari kama hii ungeipokea umesimama, kisha ungeniuliza kama nina sweta.

Unakumbuka hospitali ya Mbesa? Nilikuwa na miaka kumi, mguu umevunjika, umefungwa hogo mpaka pajani. Mtoto wa kitanda cha jirani alikuwa anauguzwa na baba yake, mwalimu mwenye ubao wa sataranji. Mwalimu huyo alikufundisha wewe kwanza, maana mimi nilikuwa naona haya. Ukanifundisha kwa maneno yako: "Farasi huyu anaruka kama mtu anayevuka mfereji. Mbili mbele, moja pembeni." Tuliporudi nyumbani Mpitimbi ulichonga kete zetu mwenyewe, na malkia akatoka mnene kuliko mfalme. Ukasema, "Ndivyo ilivyo nyumba hii." Mama hakucheka.

Nilipoanza kukufunga ulinuna siku mbili. Ya tatu ulikuwa unawaambia majirani.

Halafu ikaja safari ya mashindano ya Lusaka. Nilikuwa tayari mwalimu wa hesabu hapa Songea mjini, nimeshawafunga karibu wote ninaocheza nao. Nilipokuja kukuaga ulikuwa unachagua mbegu.

"Mvua imeanza, mwanangu," ulisema. "Mahindi hayasubiri sataranji."

"Nani alinifundisha?" nikakujibu, kwa sauti ambayo binti hamjibu nayo baba yake. Niliondoka bila kula.

Kesho yake asubuhi nikakuona stendi ya Songea, umekuja na bodaboda, mabuti yana tope. Ulinipa karanga za kukaanga, ukasema, "Nimeshapanda heka moja. Nenda. Ukifungwa, fungwa na wanaojua." Nilitaka kukuomba radhi, basi likapiga honi. Nilikuomba kwa simu tulipofika Madaba. Ukasema husikii vizuri, nirudie. Nikarudia. Najua ulisikia mara ya kwanza.

Lusaka nilifungwa mara tatu mfululizo. Wa tatu alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, mwenye sare ya shule. Nikakupigia nikitaka kurudi nyumbani.

"Nimefungwa na mtoto, Baba."

"Huyo mtoto anajua?"

"Anajua sana."

"Basi mfuate akuonyeshe."

Nilimfuata kantini. Akapanga kete upya pembeni ya sahani yake ya wali, akanionyesha kwa upole kwamba nakimbilia kushambulia kabla mfalme wangu hajapata ulinzi. Mimi, mwalimu, nilifundishwa na mwanafunzi, wala sikuumia. Michezo minne iliyobaki nilishinda mitatu, mmoja nikatoka sare.

Ulituacha kabla ya mavuno, na yale mahindi uliyopanda tukavuna bila wewe. Nilidhani sitagusa tena ubao. Mama ndiye aliyenirudisha kwa maneno yake mwenyewe: "Ulisema mwezi wa nane ni Malawi. Mbona hufui nguo?"

Kule Lilongwe, raundi ya mwisho, mpinzani wangu aliniomba sare. Ningekubali ningepata nafasi ya sita, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilitazama ubao. Mfalme wangu alikuwa salama, wake hakuwa. Nikatikisa kichwa. Tulicheza saa mbili zaidi, shati lake likalowa jasho, kisha akanipa mkono, amekubali kushindwa. Nikawa wa tatu. Nilitoka nje nimeshika simu, nikatafuta namba yako kabla sijakumbuka. Hapo ndipo nilipolia, Baba, lakini sikulia kwa kushindwa.

Sasa kila jioni nikitoka shuleni nacheza na wanafunzi wangu, kisha narudia michezo yangu niliyofungwa, mmoja mmoja, mpaka nione nilipokosea. Makosa yangu nayajua kwa majina.

Jana Mama alinijia na kigoda, akaketi mbele ya ubao. Miaka yote hii hakuwahi kuugusa.

"Nionyeshe kidogo," alisema. "Ukipiga simu kutoka Nairobi, nijue la kukuuliza."

Tumeanza na askari. Anawasogeza kwa uangalifu, kama anayehamisha vifaranga, na hataki hata mmoja aliwe.

Pumzika salama, Baba. Mimi naenda kushinda.

Binti yako mkubwa,
Editha