Mafuta Chini ya Sifuri

Nuu, Jumapili, Oktoba 1992

Jua limewaka siku nzima na upepo umejaza vumbi hadi kwenye shuka. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Mama ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Tangu mvua ikose, wao ndio hupokea magunia ya maziwa ya unga ya msaada na kuwagawia wenye watoto. Dada yangu Mwende amekaukiwa na maziwa, kwa hivyo Kyalo wake wa miezi mitatu hunywa hayo tu. Kila nikija namkuta amekonda zaidi. Safari iliyopita nilifunga maziwa kidogo kwenye karatasi, nikaenda nayo kazini Malili.

Kwenye maabara yetu mimi ndiye wa mashine ya infraredi. Unashindilia unga kwenye kikombe chenye kioo, mashine inaumulika kwa mwanga usioonekana, na kutokana na mwanga unaorudi inakuambia mafuta, protini na maji ni kiasi gani. Lakini yetu imefundishwa maziwa peke yake. Ukiipa kitu kingine, itakisoma kama maziwa bila aibu.

Ijumaa ilisoma mafuta chini ya sifuri. Nilicheka. Nikafuta kioo, nikarudia, ikasema vile vile. Nikadondoshea ule unga iodini, ukageuka buluu nyeusi papo hapo, dalili ya wanga, ambao maziwa hayana.

Unga mweupe na laini hivyo, kwetu ni muhogo.

Nilifika jana nikimtafuta mwizi. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hakuna mtu ameiba, mwana wakwa. Tuliongeza. Gunia zilikuja kidogo na watu wakakuja wengi. Ningerudisha nani?"

Kuongeza. Hapa kwetu ndiyo sifa ya mwanamke. Unaongeza maji kwenye mchuzi, mtama kwenye mahindi, na mgeni anakula. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo.

"Kwani ni sumu?" akauliza.

Nikamwambia si sumu. Mtoto mchanga anajaa tumbo tu bila kupata lishe. Halii sana, analala sana, na kila mtu anasema ametosheka. Nikamfunulia miguu ya Kyalo, iliyokonda kama vijiti. Mama aliitazama, akajifunga leso na kutoka nje.

Leo baada ya ibada alisimama mbele ya wenzake. Kuna gunia moja halijachanganywa, akasema, na ni la watoto ambao hawajaanza kula. Watoto wakubwa watangoja. Hakuna aliyempinga. Mama mmoja aliyebeba mtoto wa miaka miwili aliondoka bila kuaga. Niliona fahari, nakiri. Nilidhani nimeokoa watu.

Jioni nikaingia jikoni kwa Mwende. Fungu lake la maziwa yasiyochanganywa lilikuwa kwenye sufuria, naye alikuwa anachota unga wa muhogo. Mutheu, dada yake Kyalo, mwenye miaka mitatu, alikuwa amekaa chini akiramba kijiko kikavu. Hajala tangu jana.

"Nitamwambia angoje mpaka lini?" Mwende akaniuliza, bila kugeuka.

Nina diploma. Nina mashine ambayo haikosei ikipewa maziwa.

Sufuria ilikuwa inateleza kwenye mafiga. Nikamshikia, akakoroga.