Mipira ya Matope kwenye Gari-nyumba la Lusajo

Fridley, Minnesota

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na mvua za Tukuyu hazikuzuii kwenda kanisani. Sisi hapa ni wazima. Mkwe wako Tumaini yuko kazini muda huu, hospitali. Mjukuu wako Subira anakua. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, ila anajibu kwa Kiingereza. Theluji imeanza.

Shangazi aliniambia kwenye simu kwamba umesikia mimi na Lusajo hatusemezani. Ilikuwa kweli, na imekwisha. Naona ni vizuri nikueleze mwenyewe ilivyokuwa.

Ile picha aliyokutumia huyo mdogo wangu, ya gari refu kama basi lenye kitanda na jiko ndani, ni ya gari lake kweli. Alilinunua kuukuu. Hapa nyumbani tunaliita gari-nyumba. Baada ya muda akaja kuazima gari langu dogo. Alisema anakwenda likizo kaskazini. Huku wenye magari ya namna ile huvuta gari dogo kwa nyuma, ili wakishaegesha lile kubwa wapate la kuendea dukani. Nikampa.

Aliporudi, gari langu halikutazamika. Barabara za huko zilikuwa zinatengenezwa, zimemwagwa kokoto, na matairi ya nyuma ya gari-nyumba yalikuwa yamelirushia mawe njia nzima. Boneti ilikuwa na vishimo kama imepigwa na mvua ya mawe. Taa moja ilivunjika, kioo cha mbele kilipasuka upande mmoja hadi mwingine.

“Hukuona?” nikamwuliza.

“Ukiwa unaendesha huoni kinachopigwa huko nyuma. Nilijua niliposhuka.”

“Na baada ya kujua?”

Aliweka funguo juu ya boneti, akaondoka. Nilibadilisha kioo na taa, na sikumpigia simu. Yeye pia hakupiga.

Halafu Jumamosi moja akaegesha mbele ya jengo letu. Alikuwa na mipira mipya, mizito, ya kuzuia matope, kama ile inayoning’inia nyuma ya matairi ya malori ya mbao huko kwetu.

“Nisaidie kuifunga, kaka,” akasema. “Halafu naomba gari tena. Safari hii kokoto hazitaligusa.”

Nilimwona ana uso mkavu kweli. Lakini alikwisha kulala chini ya gari, juu ya lami yenye baridi, nami nikachuchumaa kumshikia. Tulifunga miwili nyuma ya matairi. Ule wa tatu ulikuwa mpana, tukaufunga kwenye bampa ya nyuma, kutoka upande hadi upande, ikabaki kidogo tu uguse barabara. Karibu na ekzosi tulikata pengo ili joto lisiuyeyushe.

Aliniambia niingie ndani nichukue spana nyingine. Huko ndani, Mama, nilikuta maji ya kwenye ndoo yameganda juu. Kitandani kulikuwa na mablanketi yote aliyokuwa nayo kwenye chumba alichokuwa amepanga mtaa wa Phillips, na makoti juu yake. Picha ya marehemu baba ilikuwa imetundikwa juu ya sinki. Nilitoka na spana, nikampa.

“Lusajo, unaishi humu?”

Aliendelea kukaza nati. “Tangu kiwanda kilipotufungia mlango.”

“Usiku unaliegesha wapi?”

“Kwenye maegesho ya maduka. Wakinifukuza, nahamia mengine.”

Kumbe hapakuwa na likizo. Alikwenda kuulizia kazi kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, na sasa walikuwa wamemwita aanze. Pa kuegesha gari-nyumba palikuwa mbali na kazini, kwa hiyo bila gari dogo asingeweza kuripoti.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekwambia, ungemwambia Mama. Na Mama ameshawaonyesha watu picha.”

Tulifunga gari langu nyuma ya lake, nami nikaomba ruhusa kazini nikaenda naye. Kwenye kipande cha kokoto tulisikia mawe yakigonga mipira, kishindo kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Kokoto zilipoisha akasimamisha. Tulishuka tukapitisha viganja kwenye boneti. Palikuwa na vumbi tu. Lusajo alikaa kwenye ngazi ya gari lake akajifunika uso kwa mikono. Nilikaa pembeni yake mpaka alipokuwa tayari kuendelea.

Nilimwachia gari, nikarudi kwa basi. Kazi aliipata na anaifanya. Anapanga chumba kwa mama mmoja Mkenya anayefanya naye kazi, chumba chenye joto, na gari-nyumba limeegeshwa uani hapo. Mimi naenda kazini kwa gari la jirani.

Haya nimeyaandika kwa idhini yake. Alisema yeye kila akishika simu hajui aanzie wapi.

Mfikishie shangazi salamu zangu, na baba mdogo pale kwenye cherehani yake, na mwalimu wa kwaya aliyetufundisha sote wawili. Tumaini na Subira wanakuamkia.

Lusajo akikupigia, Mama, usimwulize habari za gari. Mwulize amekula nini.

Mwanao,
Ambakisye