Nyumba ya Kundu Iliyokataa Kuanguka

Kibomet, Kitale
Novemba 10

Mdogo wangu mpendwa Mabonga,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mahindi yaliyoanikwa kando ya barabara huku Kitale wiki hii. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa mwili na wa moyo, na kwamba joto la Juba halijakukausha ukabaki ngozi na meno. Mimi sijambo, watoto hawajambo, na shemeji yako naye hajambo ila bado anakoroma. Barua nimempa Kipchirchir, yule dereva wa lori la nafaka aliyekupeleka huko mara ya kwanza, kwa sababu simu yako tangu Agosti inasema mteja hapatikani, nami nimechoka kuongea na yule mwanamke wa mtandao. Kama ulibadilisha laini, ungetuambia. Kama ni hasira, soma kwanza halafu ukasirike.

Najua hakuna aliyekusimulia vizuri mazishi ya kaka yetu. Ulipiga simu siku ile ukilia kwamba mafuriko yamefunga barabara, nami nilikuwa katikati ya sufuria na wageni, sikuweza kukwambia kitu cha maana. Nilikuwa nimekukasirikia pia, acha niseme ukweli. Hasira hiyo imeisha. Kwa hiyo keti mahali penye kivuli nikueleze.

Kundu alianguka kutoka kwenye ngazi hapahapa Kibomet, akifunga gata la plastiki la kukingia maji ya mvua kwenye nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu. Mvua ilikuwa imenyesha na simenti ya veranda ikawa na utelezi. Hilo gata nilikuwa nimemuuzia mimi asubuhi hiyo, maana bado ninauza vifaa vya ujenzi katika ile hadwea ya karibu na soko. Aliniambia nimwekee chai, anarudi sasa hivi. Ile chai niliimwaga jioni, na mpaka leo sipendi kuosha kile kikombe.

Unakumbuka alivyokuwa akiongea na wateja wangu. Mtu alikuwa akija kununua misumari tu, anaondoka akifikiria kubadilisha dari ya nyumba nzima. Kundu alikuwa akichukua ubao mmoja wa plastiki ya PVC, anaupiga kwa vidole, anauinua kwa mkono mmoja kuonyesha wepesi wake, kisha anaanza: ati mama, mbao unaweka leo, mwaka kesho unalisha mchwa, hii mchwa akiuma anavunjika meno. Haiozi. Haipati ukungu. Haitaki rangi, ni kitambaa chenye maji tu. Bati likivuja, dari haitavimba kama ile ya karatasi. Dirisha lake halipigi kutu wala halikwami wakati wa mvua. Bomba lake unaweza kuzika ardhini, wajukuu wako walikute vilevile. Na alikuwa akimalizia kwa kusema, "Hii kitu itakuzika, mama, si wewe utaizika." Watu walicheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka.

Lakini mganga hajigangi. Alikuwa amefunga dari nusu ya Kibomet, na yeye mwenyewe miaka yote alikuwa akipanga chumba kimoja mtaani Kipsongo, bati tupu juu ya kichwa. Nyumbani Bungoma hakuwa na hata nguzo moja. Mama alipokuwa akimuuliza, alijibu kwamba atajenga mwaka ujao. Nawe umekuwa ukijibu hivyohivyo, lakini hilo nitalifikia.

Sasa wewe unaijua desturi yetu. Mwanamume mzima hawezi kuzikwa nyumbani kama hana nyumba yake. Ni lazima jeneza lilale usiku mmoja chini ya paa lake mwenyewe, na kama hakujenga akiwa hai, anajengewa akiwa mochari. Kwa hiyo wazee waliamua vijana wakate miti na kukanda udongo haraka. Tatizo likawa mvua. Ilikuwa Mei, unajua Mei ya kwetu. Walikandika ukuta wa kwanza asubuhi, jioni ukawa umelala chini kama mlevi. Wakakandika tena, ukalala tena. Mama alikuwa amekaa pale akitazama, na kila ukuta ulipoanguka alikuwa akishika kichwa na kusema mwanawe hatapata pa kulala.

Mimi nilishindwa kuvumilia. Nilirudi Kitale na Kipkoech, yule Msabaot fundi wa kuchomelea aliyekuwa akifanya kazi na Kundu, tukaenda kutoa vitu vyake Kipsongo. Tuliinua godoro. Mabonga, chini ya kitanda, na nyuma yake, na hadi kwenye mwimo wa mlango, kulikuwa kumejaa vipande vya PVC. Masalio ya kazi zake zote. Kila mwenye nyumba alipomwambia abebe kilichobaki, alibeba. Vyeupe, vya rangi ya mbao, vya maua ya dhahabu, vingine vina michirizi ya kijani kama ile ya kanisa la pale juu. Haba na haba, alikuwa amejaza kibaba. Kipkoech alikaa sakafuni akalia bila kujificha. Nyumba yake Kundu alikuwa nayo, alikuwa tu akiilalia.

Tukapakia vyote kwenye kanta, lori dogo la kukodi, tukapeleka Bungoma. Kipkoech akachomelea fremu ya vyuma, akaisimamisha juu ya sakafu ndogo ya zege, akapigilia bati juu. Tukavalisha vile vipande kuta na dari. Jirani mmoja akatoa madirisha mawili ya plastiki aliyokuwa ameweka stoo. Wazee walipoona hayo wakaanza kunong'ona kwamba nyumba ya msiba haijawahi kuwa ya plastiki. Nami, dada yako, nikasimama mbele yao nikawauzia. Nilisema maneno yote ya Kundu, moja baada ya jingine, na sauti yake ikanitoka mdomoni. Kwamba haihitaji kukauka. Kwamba ni nyepesi. Kwamba mvua haiingii. Kwamba haiozi, mchwa hawali, inakaa miaka hamsini. Wakatikisa vichwa, wakakubali, hata wakasifu. Ni kuka Murunga pekee, yule mdogo wa marehemu babu, aliyeinua fimbo yake na kuuliza, "Sasa hiyo nyumba itaanguka lini?"

Watu walidhani uzee unasema. Mmoja akamwambia, "Bana kuka, nyumba inasimamishwa, wewe unauliza kuanguka!" Hata mimi nilikuwa na haraka, sikusimama kufikiri. Kundu alilala ndani yake usiku ule, mvua ikanyesha mpaka alfajiri, na hakuna hata tone lililomfikia. Mama alikaa chini ya ile dari yenye viraka akitazama juu, nami nikawa nikimtajia: hiki ni cha sebule ya daktari, hiki ni cha saluni, hiki ni cha yule mwalimu. Kilikuwa kitu kizuri, Mabonga. Nilijua nimemtendea kaka yetu vyema. Tukamzika kesho yake karibu na baba.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hakukawia. Wewe na mimi tunajua nyumba ya marehemu haikaliwi wala haibomolewi. Inaachwa. Mvua inaosha udongo, mchwa wanakula nguzo, na siku inapoanguka yenyewe watu wanasema haya, mwenyewe ameenda, msiba umeisha. Nyumba aliyojengewa baba mdogo ilianguka kabla ya mwaka kwisha, unakumbuka, na mkewe siku hiyo akachinja kuku akavaa kitenge kipya. Sasa ya Kundu itaangushwa na nini? Julai ilikuwa imesimama. Agosti mvua ya mawe ilitoboa bati kuukuu za majirani, yake ikabaki inang'aa. Watu wakaanza kuja kuigusagusa, na utacheka au utalia, wawili kati yao waliniagiza dari kama hiyo. Niliwauzia. Nilipotoka pale nilijichukia.

Mama naye kila asubuhi anatoka na kuitazama. Hajavua nguo za msiba. Hajalima ile sehemu ya mbele. Anasema bado wako matangani, kwa hiyo harusi ya binamu hakwenda, na Krismasi hii inayokuja ameshasema hatapika. Jirani akimwambia yatosha, anamwonyesha nyumba.

Mwezi wa tisa nilimtembelea bila kumwarifu. Sikumkuta jikoni. Nilimkuta nyuma ya ile nyumba, ameinama na beseni, kuku wote wa boma wakimfuata kama watoto wa shule. Nilidhani anamwaga makapi. Nilipokaribia nikaona ni udongo wa kichuguu. Alikuwa akienda kule bondeni, anachimba kichuguu kwa jembe, anajaza beseni mchwa wazima, anabeba kichwani na kuja kuwamwaga kando ya ukuta wa mwanawe, ili waile. Kuku nao wakawa wanawala mchwa. Alikuwa ameanza tangu Agosti. Kuku wamenenepa, nyumba haijapata hata mkwaruzo.

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikakaa chini kwenye nyasi nikalia mpaka yeye ndiye akawa ananibembeleza mimi. Nilimuuliza kwa nini ana haraka hivyo, si aiache tu isimame. Hapo ndipo akaniambia jambo ambalo ndilo limenifanya nikuandikie.

Mama ni mgonjwa, ndugu yangu. Ana uvimbe tumboni, na hospitalini Bungoma walimwambia tangu Juni kwamba umeshasambaa, hautatolewa. Alikaa na habari hiyo peke yake miezi yote, akiibeba pamoja na beseni. Alinikataza nisikwambie, eti usije ukaja kwa hofu. Alisema hataki kuondoka akiacha msiba wa mtoto wake umesimama uani, kwa sababu mama hatakiwi kumtangulia mtoto ambaye bado hajaenda. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kuuza.

Nilimwendea kuka Murunga nikamwomba msamaha kwa kutomsikiliza, naye hakunisuta. Aliniambia kwamba nyumba ya chuma na plastiki haikuwahi kuwako zamani, basi sharti wazee waifikirie upya. Wakaketi. Wakasema kwamba kitu kilichofungwa kwa skrubu kinaweza kufunguliwa, hakibomolewi, mradi kiguswe na mkono mmoja tu: wa mdogo wake wa kiume. Vile vipande atavichukua yeye, kama koti la marehemu linavyopewa ndugu yake. Mimi sihesabiwi, mimi ni binti. Kipkoech alijitolea, wakamshukuru wakakataa. Amebaki mtu mmoja duniani, na simu yake inasema mteja hapatikani.

Nilimletea Mama uamuzi huo. Akasema nikwambie maneno yake kama alivyoyasema, nami nayaandika hivyo: "Mwambie Mabonga nimeshaona mtoto mmoja akijengewa. Sitaki kuona wa pili. Avifungue vile vitu vya ndugu yake, ajenge akiwa hai. Vitu visivyooza ni vya mtu anayeishi." Alitaka kukupimia kiwanja mwenyewe. Nilimshika mkono tukaenda polepole hadi pale kando ya mparachichi, akapiga kigingi kwa jiwe, akapumzika, akapiga cha pili. Vya upande wa pili alishindwa. Vinakungoja wewe.

Sikulazimishi uache kazi. Najua nawe unajenga nyumba za watu huko, unasema mwaka ujao. Kundu pia alikuwa na mwaka ujao. Kipchirchir anarudi Kitale akishashusha mzigo, na amekubali kukungoja kwenye kituo cha malori. Kama unaisoma barua hii yeye akiwa bado yupo, usimalize hata chai. Njoo na bisibisi yako.

Watoto wanakusalimu na wanauliza kama Juba kuna ng'ombe wenye pembe ndefu kweli. Shemeji yako anakusalimu. Kipkoech anakusalimu, amesema atakuchomelea mlango. Kuka Murunga anakusalimu, na anasema safari hii hatauliza itaanguka lini. Mama anakusalimu kuliko sisi sote. Hajui kwamba nimekwambia habari ya ugonjwa, kwa hiyo ukifika usimuulize tumbo, wala usilie mbele yake. Mwambie tu umekuja kujenga.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukungoja,

Rosaline Nasambu